Ada ya Chuo cha Ubaharia: Daftari la Mama Aliyelipa

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na nina daftari. Kila senti inayotoka naiandika: uzi, vifungo, chai ya kijana anayenisaidia kupiga pasi. Ndiyo maana mteja akiniuliza, "Mama, eti chuo cha ubaharia kinalipa?" simjibu kwa kubahatisha. Namwambia avute kiti.

Na wanauliza kweli. Mwanangu akishuka likizo hapiti mtaani bila mfuko wa manukato na viatu vya watoto wa jirani, na watu wakishaona manukato hawaulizi yametoka wapi. Alianza chuo Oktoba 2017, stashahada ya unahodha, akamaliza 2020. Leo ni ofisa wa tatu kwenye meli ya shehena kichele, yaani mzigo unaomiminwa bila magunia wala makontena. Ukiyasema haraka hivyo utadhani moja limezaa jingine. Baina yake pana miaka mitano, na hiyo miaka mitano haikuandikwa kwenye kipeperushi chochote cha chuo.

Chuo sikitaji jina. Si cha matapeli, wako walimu pale ningewapikia pilau kesho, na kasoro nitakazozisema haziko kwake peke yake. Napima kama ninavyopima kitambaa: niliambiwa nini dukani, nilipewa nini, na kimechuja baada ya kufua mara ngapi.

Tuondoe utani mapema. Mitandaoni siku hizi baharia ni mwanamume yeyote anayejua kumzunguka mke wake. Hapa Tanga nako, ukimwambia mzee wa Chumbageni kwamba mtoto anasomea ubaharia, anakumbuka wazamiaji, wale vijana waliokuwa wakijificha kwenye faluka, matumboni mwa meli, na kuibukia Durban au Ugiriki wamekonda kama ng'onda. Mimi naongelea wenye vyeti, wanaopanda meli kwa ngazi mchana kweupe.

Siku ya kwenda kuulizia nafasi tulipokewa vizuri. Kijana wa usajili, shati jeupe na nembo za dhahabu mabegani (karani huyo, nilikuja kujua baadaye, bahari anaijua ya kuogelea), akatuambia nahodha wa meli kubwa anapokea dola 10,000 kwa mwezi. Baba yake mtoto akanigeukia. Nikaona kabisa anahesabu mabati.

Dola 10,000 si uongo. Nahodha wa meli kubwa za mafuta au gesi anazipata na kuzipita. Lakini ni kama mtu aje kwangu kujifunza kushona, mimi nimtajie bei ya gauni la Paris. Kati ya kadeti, yaani mwanafunzi anayejifunzia kazi melini, na nahodha pana ofisa wa tatu, wa pili, ofisa mkuu, na kila ngazi ina muda wake wa bahari wa kutumikia na mtihani wake wa kufanya. Karani hakutaja hata ngazi moja. Na sisi hatukuuliza, tulikuwa bado tuko kwenye mabati.

Haya, daftari. Ada milioni 1 na laki 8 na nusu kwa mwaka, miaka mitatu: 5,550,000. Chumba na chakula, 180,000 kwa mwezi, miezi kumi kila mwaka: 5,400,000. Kozi za usalama, ambazo nilidhani zimo ndani ya ada na hazimo: 780,000. Pasipoti 150,000. Kitabu cha baharia, chanjo ya homa ya manjano na vipimo kwa daktari anayetambulika kwa mabaharia, pamoja vilikula 340,000. Sare, ovaroli na viatu vya chuma, 290,000, na hapo niseme la moyoni: suruali nyeupe za sare lazima zinunuliwe kwa mshonaji wao, na zilikuja na pindo limekwenda upogo. Nilizifumua nikazishona upya usiku, sikudai kitu. Jumla yote 12,510,000.

Nilipata nini kwa fedha hizo? Mafunzo yenyewe nayapa alama nzuri. Wana chumba cha kuigizia daraja la meli, skrini pande zote, usukani na rada, na mwanangu aliniambia mara ya kwanza alipoingiza meli ya kuigiza bandarini usiku wa mvua alitoka shati limelowa jasho. Kozi za usalama ni za kweli: wanarushwa majini na jaketi la kuokolea, wanapindua boya la kujiokolea lililobinuka, wanaingia kwenye kontena lenye moto na moshi wakiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Huduma ya kwanza, usalama binafsi kazini, tahadhari ya maharamia. Mzee mmoja, nahodha mstaafu, alikuwa akiwafundisha kupima mahali kwa jua na nyota, wakati vijana wote wanajua meli ina setilaiti. Walimcheka. Mwanangu hamcheki tena, maana usiku mmoja kwenye ghuba ya huko Uarabuni setilaiti iliwaonyesha meli iko uwanja wa ndege.

Kilichonikera ni boti ya uokoaji ya mazoezi. Miaka yote mitatu ilining'inia pale pale, kamba zake za kushushia zimekula kutu, wanafunzi wakaishusha kwa maneno ubaoni. Meli hailindwi kwa maneno.

Sasa tundu la sindano. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, huo wanaouita STCW, wa mwaka 1978, uliofumuliwa na kushonwa upya 1995 na tena Manila 2010, hauitambui stashahada ikiwa peke yake. Anayetaka cheti cha umahiri cha ofisa wa zamu upande wa sitaha, yaani wa kuongoza meli, lazima awe na miezi isiyopungua 12 ya baharini ndani ya programu iliyoidhinishwa, na kitabu cha mafunzo kilichosainiwa kazi moja moja, na ndani ya muda huo miezi 6 awe amekaa zamu darajani chini ya jicho la ofisa. Asiye na programu ya namna hiyo anatakiwa miezi 36. Upande wa injini ni nafuu kidogo, kwa sababu miezi ya karakana inachanganywa humo na ya baharini.

Miezi hiyo 12 chuo hakiuzi. Hicho ndicho ningependa kibandikwe mlangoni kwa usajili kwa herufi za ukubwa wa sinia. Nilidhani nimenunua gauni, kumbe nimenunua kitambaa kilichokatwa vizuri sana.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa serengi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, kwenye meli za lile shirika la Afrika Mashariki, la Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, lililoanza 1966 na kuvunjwa 1980. Alikuwa akisema kitu ambacho sikukielewa mpaka yamenifika: nchi yenye meli ina vitanda vya makadeti, nchi isiyo na meli ina wahitimu. Zile za ubia wetu na China, kampuni iliyoanza 1967, zipo, lakini huwezi kupakia humo kila anayevaa joho. Wenzetu waliona mbali. Uingereza tangu 2000, na India tangu 2004, mwenye meli akitaka ile nafuu ya kodi inayokadiriwa kwa tani za meli zake, sharti achukue makadeti na awafundishe. Mfilipino naye, nyuma yake zipo kampuni nyingi za kupeleka watu melini, kampuni inamjua tangu akiwa darasani. Wa kwetu anamaliza na cheti mkononi, anasimama getini.

Mwanangu alisimama getini mwaka mbaya kuliko yote. 2020, Korona, bandari zimefungwa, mabaharia kama 400,000 duniani wamekwama melini mikataba imeisha na hawana wa kuwapokea. Meli ambayo haiwezi kumteremsha mtu wake inamhitaji kadeti wa Tanga wa nini? Alikaa nyumbani. Alinisaidia dukani kupima kinamama viuno, kazi aliyoichukia, na jioni anakwenda Raskazone kutazama meli zilizotia nanga. Siku hizo meli bado zilikuwa zinashushia mzigo kule nje kwenye matishari, zile mashua bapa za kubebea mizigo.

Ndipo akaja dalali.

Ukurasa huu wa daftari nimeuandika kwa kalamu nyekundu. Mtu mwenye ofisi, kompyuta, kalenda ya meli ukutani. Alitaka 3,000,000 ya "kushughulikia nafasi", meli iko Dubai, kijana apande baada ya wiki tatu. Niliuza cherehani yangu ya kudarizi. Wiki tatu zikawa miezi mitatu, kisha simu ikawa haipokelewi, kisha ofisi ikawa ya mtu wa vipodozi. Polisi walinisikiliza vizuri, nashukuru, lakini fedha hazikurudi.

Nilichokuja kujifunza, na chuo kilikuwa na miaka mitatu ya kukisema: kumtoza baharia ili apate kazi ni haramu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, MLC, umesema hivyo waziwazi. Kenya waliuridhia 2014, sisi 2019. Baharia anaweza kujilipia cheti cha afya, kitabu chake cha baharia na pasipoti. Ada ya kutafutiwa kazi inamhusu mwenye meli. Kwa hiyo anayekutajia bei ya nafasi, hata akiwa na tai na kiyoyozi, umeshajua anauza nini.

Meli ilipatikana 2022, na ilipatikana kwa njia ambayo kwetu ndiyo njia: yule nahodha mstaafu wa nyota alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani Mombasa anayefanya kazi kwa wakala wenye leseni, akamtaja mtoto. Hakuomba kitu. Nilimshonea kanzu mbili na kofia nikamtuma nduguye azipeleke, akazirudisha moja akisema mbili ni rushwa.

Posho ya kadeti ilikuwa dola 300 kwa mwezi. Safari ya kwanza miezi minane, ya pili mitano. Makaa ya mawe kutoka Richards Bay kwenda India, mbolea, ngano, chumvi. Siku yake, kwa alivyonieleza: alfajiri mpaka saa mbili asubuhi zamu darajani, kisha kukwangua kutu na kupiga rangi, kisha kufagia mahodhi ya mzigo ambayo kila moja lingemeza msikiti wa mtaa wetu na mnara wake, kisha zamu tena jioni. Mabaharia wana haki ya kupumzika saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki, imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. "Karatasi inapumzika, mama," aliniambia. Kwa meli ile. Ya pili walikuwa waungwana.

Alirudi 2023 na miezi 13 mkononi. Halafu kozi za juu, rada, redio za dharura, halafu mtihani wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na sehemu ya mdomo ndiyo inayowamaliza: umekaa mbele ya manahodha wawili wanakuwekea vimeli vya mbao mezani, taa hii na taa ile, unageukia wapi. Alianguka mara ya kwanza. Mara ya pili akapita. Cheti cha umahiri kikatoka mwanzoni mwa 2024, nikadhani tumefika.

Hatukufika. Wenye meli wanataka ofisa wa tatu mwenye uzoefu wa uofisa, na uzoefu wa uofisa unaupata ukiwa ofisa. Kila wakala alimwambia hivyo hivyo. Basi akapanda kama baharia wa sitaha asiye ofisa, wenyewe wanaitana "ebii", na cheti cha uofisa kimekaa kwenye begi. Wengi wanafanya hivyo na si aibu. Ila jiandae.

Tufike kwenye mshahara, ndiyo mliosubiri.

Baharia wa namna hiyo ana kima cha chini kinachopangwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, jambo ambalo fundi cherehani hana. Kilikuwa dola 658 kwa mwezi mwaka 2023, 666 mwaka 2024, 673 mwaka 2025. Huo ni msingi wa saa 48 kwa wiki. Juu yake zinakuja saa za ziada, zisizopungua mara moja na robo ya saa ya kawaida, na likizo ya kulipwa siku mbili na nusu kwa kila mwezi. Vyote vikijumlishwa, mkataba wa mwanangu 2024 ulisema dola 1,150 kwa mwezi. Mwaka uliofuata, alipopanda hatimaye kama ofisa wa tatu kwenye meli ya zamani, inayomilikiwa na watu wasiopenda kununua rangi, ulisema 2,400. Mwenzake aliyebahatika kuingia meli za gesi kwa cheo kile kile anapata zaidi ya hapo kwa mbali, na chakula chao kina matunda.

Lakini msiende na 2,400 sokoni. Mkataba wa ofisa ni miezi. Akishuka, mshahara umesimama mpaka apande tena, na ile likizo ya kulipwa mara nyingi imeshamezwa ndani ya jumla ya mwezi. Mwaka aliokuwa baharia wa sitaha alifanya kazi miezi 9: dola 10,350. Gawanya kwa 12 kama mtu anayekula kila mwezi, unapata 862 na ushee. Mwaka wa uofisa, miezi 7 melini: 16,800, ambayo ni 1,400 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 2,450 hizo ni milioni 3 na laki 4 na kitu. Kima cha chini cha mtumishi wa serikali kimepandishwa kuwa 500,000 kuanzia Julai 2025, kwa hiyo sitajifanya nalia. Ni fedha nzuri. Ila si zile za mabati ya mume wangu. Toa pia vipimo vya afya kila baada ya miaka miwili na kozi za usalama zinazorudiwa kila miaka mitano, tena kwa fedha yake akiwa hana mkataba. Na mchango wa uzeeni hakuna anayemkata wala kumwekea. Asipojiwekea mwenyewe atazeeka kama mjomba wangu, na picha nyingi za Hamburg ukutani.

Jambo moja linanifurahisha waziwazi. Baharia ana haki ya kuagiza sehemu ya mshahara iende moja kwa moja nyumbani kila mwezi. Yeye amegawa theluthi. Inaingia tarehe 5 au 6 kwa jina langu, na mwezi mmoja ilipochelewa hadi tarehe 12 nilimpigia wakala wa Mombasa kabla mwanangu hajajua. Msidharau ucheleweshaji. Mwenzake mmoja wa darasani aliachwa na meli nanga za Sharjah, mwenye meli katokomea, miezi mitano maji ya kunywa yanaletwa kwa huruma. ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, lilihesabu mabaharia 3,133 walioachwa hivyo mwaka 2024 peke yake. Meli zinazofuata MLC zinatakiwa tangu 2017 kuwa na dhamana ya kifedha inayolipa hadi mishahara ya miezi minne na kuwarudisha watu kwao. Cheti chake kinabandikwa melini. Mwanangu sasa akipanda meli, picha ya kwanza anayonitumia ni ya cheti hicho. Ya pili ni ya chakula.

Na roho je, ina bei? Novemba 2023 Wahuthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader kwenye Bahari ya Shamu, mabaharia 25 wakashikwa mpaka Januari 2025. Walikuwa Wafilipino, Wabulgaria, watu wa mataifa mbalimbali waliokwenda kutafuta kama wangu. Kwa wenye mikataba ya vyama vikubwa, eneo kama lile linalipwa bonasi sawa na mshahara wa msingi, na baharia ana haki ya kukataa kwenda. Meli yake ilizungukia Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi na zaidi za nyongeza. Nilishukuru kila siku moja moja, ingawa yeye alilalamika mawimbi.

Wengine wa darasa lake wako wapi? Tunalo kundi la wazazi la WhatsApp, lililoanza kwa malalamiko ya chakula cha bweni na halijafa. Tumebaki 23. Si takwimu, ni sisi tu. Sita wana watoto meli za nje. Watano wako kwenye boti za Unguja na meli za Ziwa Victoria. Mmoja ananiambia mwanawe analipwa laki nane na kila usiku yuko kwake, na sijui kwa nini alinitumia na ile alama ya kukonyeza. Wanne wako bandarini, kwenye tagi, boti za kuvuta meli, na mnara wa kuongozea meli, na hao nawaonea wivu kidogo. Waliobaki ni maduka, bodaboda, ualimu wa hesabu. Binti mmoja wa Pangani aliyesomea injini alikataliwa na mawakala watatu kwa kuwa ni mwanamke, mmoja akamwambia usoni kwamba meli haina choo chake. Dunia nzima wanawake mabaharia walikuwa 24,059 kwenye hesabu ya 2021, asilimia 1.28. Leo anasimamia jenereta na boila za kiwanda, mshahara wa mwezi hadi mwezi, na ametujengea wivu sote kwa nyumba ya vyumba vitatu. Kwa hiyo mkiniuliza sitaha au injini, mimi nasema injini. Injini ipo na nchi kavu. Mtu wa sitaha akikosa meli, ujuzi wake wa kukwepa meli nyingine barabara ya Korogwe haumsaidii.

Chuo kinapenda kunukuu ripoti ya 2021 ya BIMCO na ICS, vyama vya kimataifa vya wenye meli, kwamba hadi 2026 dunia itahitaji maofisa 89,510 zaidi. Namba ni ya kweli, imeandikwa. Lakini wanaohitajika ni maofisa, wenye miezi yao. Makadeti wanaosubiri kitanda dunia haijasema imepungukiwa nao.

Kwetu hapa mambo yanasogea, sitaki kuwa mchoyo wa habari njema. Bandari ya Tanga imechimbwa, kina kimetoka mita 3 hadi 13, na meli sasa zinafunga gatini, matishari yamepumzika. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, na meli za mafuta haziingii bila tagi, marubani wa meli na watu wa kufunga kamba wanaojua wanachofunga. Ningekuwa mkuu wa chuo ningekuwa nimeshahamia kule na godoro.

Alama basi, maana watu wanapenda nyota. Mafunzo, nne. Boti ya uokoaji, sifuri. Sare, moja, na hiyo moja ni ya kitambaa. Ukweli siku ya usajili, moja na nusu. Kazi ya kumtafutia mwanafunzi meli, nusu, kwa heshima ya mzee wa nyota ambaye aliifanya bila kutumwa.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu naye kataka. Tulikwenda pale pale, nikiwa na daftari kwapani. Karani ni mwingine, nembo ni zile zile. Akaanza na dola 10,000. Nikamwambia, "Baba, nahodha namjua. Nipe wahitimu wenu wa upande wa injini wa miaka mitatu iliyopita, walio melini sasa hivi, na nani aliwapeleka." Akaniangalia, akatoka, akakaa sana. Alirudi na mama mmoja wa ofisi ya mafunzo kwa vitendo, ofisi ambayo wakati wetu haikuwepo. Alikuwa na karatasi ya majina kumi na moja na mikataba miwili na mawakala, akaninong'oneza kwamba anajua ni wachache. Nikamwomba niongee na watatu, akawapigia kwanza kuomba ruhusa. Wa kwanza alipokea, yuko likizo Moshi, alinieleza kwa nusu saa na hakuficha kitu. Wa pili alijibu kwa ujumbe kutoka Singapore. Wa tatu hakupatikana kabisa, siku tatu mfululizo, na mama yake aliponiambia meli iko katikati ya Atlantiki, ndipo nikampa mtoto wa dada yangu fedha ya fomu.